Mikono Juu Mbele ya Roboti

Kwenye treni, mbele yangu walikaa mama fundi cherehani na mzee mwenye mguu wa bandia. Mama alisema mwanawe ni askari. Anaendesha roboti ya vita akiwa ofisini, jioni anarudi nyumbani.

"Heri yake," mzee alijibu. "Mimi mguu niliuacha vitani."

"Anarudi mzima, baba, ila chakula hakipiti. Juzi adui aliinyooshea roboti mikono, anajisalimisha. Mkubwa wa mwanangu akamwamuru apige risasi. Akapiga."

Nilijifanya nasoma gazeti, kumbe nimelishika juu chini.

"Hata mimi niliwahi kunyoosha mikono," mzee alisema taratibu. "Aliyenikamata alikuwa kijana, anaogopa kuliko mimi. Akanipa maji."

"Sasa mwanangu nimwambie nini?"

Treni ilifika kituo cha mwisho. Tulishuka wote, isipokuwa wao wawili.