Mzee Kou Zhaolin na Mawe ya Kaburi la Bian

Machi 31 mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulinda kilomita tisa za ukuta wa Qi hapa Qingshiwa, Mzee Kou Zhaolin anastaafu.

Ukuta huo ulijengwa na watawala wa ufalme wa kale wa Qi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kuwazuia majirani wa kusini. Mbuzi, ukuta haujawahi kuwazuia. Mzee Kou aliwafukuza kwa makelele tu, maana kuwatupia jiwe la ukuta ni kosa. Chakula chake kilikuwa chapati baridi na kitunguu kibichi, ndiyo sababu tulipenda kumfuata kwa mbali. Aliwashawishi wanakijiji wakarudisha mawe ya ukuta waliyojengea mazizi ya nguruwe, na hakugombana na mtu.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mimi na yeye tulifika kwenye kaburi la mwanakijiji Bian Shouyi, lililozungushiwa mawe. Mimi ndiye niliyeandika kwenye ripoti kwamba ni mawe ya ukuta. Mzee Kou akaniamini. Mjane wake, Mama Bian, aliyang'oa kwa mikono yake mwenyewe.

“Chukueni,” alisema. “Shouyi hakuchukua hata yai la mtu. Mtakuja kuniambia.”

Tukayapanga ukutani, tukapiga picha.

Mwaka uliofuata, akifukuza mbuzi bondeni, Mzee Kou alikuta shimo la kuchimbia mawe. Kabari za chuma zenye jina la Shouyi zilikuwa bado zimekwama kwenye mwamba. Mawe yale ya kaburi Shouyi aliyapasua mwenyewe. Mzee Kou alikwenda moja kwa moja kwa Mama Bian, akapiga magoti.

“Samahani yako ndiyo nitakayolizungushia kaburi?” mama alimuuliza.

Akaomba ofisini kwetu, ofisi ya mambo ya kale, ruhusa ya kuyarudisha mawe kaburini. Akajibiwa kwamba sheria hairuhusu kutoa hata jiwe moja ukutani. Ameomba mara tisa. Mvua inalimega kaburi, na Mama Bian, mwenye miaka themanini na minne, anaumwa na anataka kuzikwa hapo. Naona aibu kuandika haya, lakini Mzee Kou alikataa wasifu usioyataja.

Mzee wetu, ahsante. Kuanzia Aprili mosi huna sare, na kipande chako cha ukuta nimekabidhiwa mimi. Atakayetoa jiwe la ukuta nitapaswa kumripoti. Ila wote hapa mnajua kwamba jiwe la ukuta na jiwe la mlima mimi siwezi kuyatofautisha. Mkokoteni uko nyuma ya ofisi. Tunakuombea siku nyingi, na mgongo wenye nguvu.