Msimngojeshe Naima kwa Arobaini Yangu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu siku hizi haivuki kizingiti. Na wewe Monica, mtani wangu, sogea, ingawa nyie Wanyamwezi mkikaribishwa mkekani mnadai na kitanda. Anwar, vuta pazia hilo niwaone nyuso. Alasiri imeshaadhiniwa, pumzi ninayo kidogo, na nataka niyatue yangu yote kwa mara moja kama mtu anavyotua ndoo ya maji kichwani. Asinikatishe mtu, hata wewe Mwishehe, mwanangu wa kwanza, uliyeota mvi na bado unadakia maneno ya watu kama ulivyokuwaga ukidakia maandazi kabla hayajapoa.

Jana mlidhani nimelala. Mwili ulilala, masikio hayakulala. Nilikusikia hapo ukumbini, Mwishehe, unamwambia mtoto: "Hali ya bibi yako unaiona. Chuo hakina miguu, hakikimbii. Usiache mbachao kwa msala upitao. Utakwenda mwakani." Naye Naima akajibu kwa sauti ndogo, sauti ya mama yake kabisa, "Sawa, mjomba." Kisha nikasikia zipu ya begi, na nguo zinarudi kabatini moja moja. Sikulia. Machozi yangu yameshakuwa mavivu. Ila nilijua kwamba nikifa bila kusema, neno lako ndilo litakalobaki, maana kwetu Wazaramo mjomba akishasema juu ya mtoto wa dada yake, amesema. Sibishani na mila, ndizo zilizonilea, na shule mie sikujua hata mlango wake unatazama wapi. Lakini mila ina wenyewe, na mwenyewe mkubwa wa nyumba hii bado anapumua.

Basi nianze na mali, nisije nikaisahau. Nyumba hii ya Mbagala mtagawana kama alivyogawa Mungu, sina la kuongeza wala la kupunguza. Naima hana fungu katika urithi, kwa kuwa mama yake, Tabu wangu, alinitangulia. Lakini sheikh ameniambia kwamba mtu anaruhusiwa kuusia hadi theluthi ya kilicho chake, na mie nausia chumba cha uani na friji viwe vya Naima. Kile chumba asipangishwe mtu. Akiwa mbali mwaka mzima, kibaki kimefungwa na kufagiliwa. Mtu asiye na mlango wa kurudia hasomi huko aliko, anahangaika tu.

Mnalijua lile friji. Ndilo lililowalisha wote wawili, kwa barafu za ubuyu nilizokuwa nikiwauzia watoto wa shule. Siku lilipokufa, Naima alikuwa ameshaletewa majibu ya kidato cha nne, na majibu yalikuwa mabaya, tusifichane. Mtaa mzima ulijua. Wengine walikuja kunipa pole kama nimefiwa. Yeye akakaa chini mbele ya friji lile, akakumbatia magoti, akaniambia, "Bibi, mimi na hili sote tumeharibika." Nikamwambia, "Mke mwenzangu, kinachoharibika si hutengenezwa?" Ndipo akaenda chuo cha ufundi, akajifunza mafriji na viyoyozi, na friji la kwanza kulifufua likawa hilo. Nawe Mwishehe ulicheka mpaka ukakohoa: "Mwanamke na spana! Nani atamwoa, kompresa?" Lile neno lilinikaa hapa kifuani kama mwiba wa samaki. Leo nalitoa. Nimekusamehe, wala usiniulize mara mbili.

Alipomaliza, tukafanya makosa ya watu wa kwetu. Tukamfanyia kama mwali anayetolewa ndani. Tukampaka, tukamvisha, ngoma ikalia uwanjani, shangazi zake wakamfungia kanga, tukaimba, "Kamaliza! Kamaliza!" Sie tunajua jambo moja: mwali akishatolewa nje, ametoka, harudi ndani kuchezwa tena. Kwa hiyo alipokuja mwalimu wake, yule Gervas, mtu wa Songea, mpole, akakaa pale kwenye kigoda na kusema, "Shikamoo mama. Huyu mtoto hapa hajafika mwisho, ana njia mbele," nikamwona kama anatutukana ngoma yetu. Nikamuuliza, "Njia ipi tena, na watu wameshakula pilau?" Akacheka, akanieleza taratibu: ufundi ule ni mlango wa uani, na kwa mlango ule ule mtu huingia akasoma cheti, kutoka cheti akaenda stashahada, kutoka stashahada akafika chuo kikuu, akakaa na wale waliopita mlango wa mbele, na hakuna anayemuuliza aliingilia wapi.

Akaanza upya. Mchana anatengeneza mafriji ya watu Tandika, jioni anasoma. Kila akimaliza, jirani wananiuliza, "Bi Mkubwa, huyu naye haishi tu kusoma? Anajenga ghorofa kichwani?" Nami najibu, "Bandu bandu huisha gogo." Lakini moyoni, wanangu, nilikuwa nahesabu kingine. Kila daraja alilopanda lilimsogeza mbali nami kidogo. Alipokuwa fundi alilala hapa, mgongo wake mgongoni kwangu. Alipokuwa wa cheti alirudi nimeshakula peke yangu. Alipokuwa wa stashahada alirudi mwisho wa juma, amechoka, ananiangalia bila kunisikia. Sasa amechaguliwa chuo kikuu, uhandisi, Mbeya. Mbeya, mie nasikia baridi yake redioni tu.

Nyie mnakuja Idi, mnakula, mnaondoka na mabakuli. Silaumu, mna watoto wenu. Baba yenu kaondoka, Tabu kaondoka, wenzangu wa kusuka ukili wamebaki majina. Nikikosa wa kusema naye nasikiliza friji linavyounguruma pale kwenye kona, likizima najikuta nalisubiri liwake tena, kama mtu aliyekwenda dukani. Ndiyo maana nataka mnielewe vizuri. Mie sitaki Naima aende. Kama ni kuuliza roho yangu, ningemfunga kwa upindo wa kanga. Nimemtamani akae hapa anifumbe macho kwa mikono yake. Na kwa kuwa natamani hivyo, ndiyo maana nasema aende, maana mgonjwa akiachiwa achague atachagua dawa tamu.

Usiseme mwakani, Mwishehe. Tabu naye alisema mwakani. Alitaka kujifunza ushoni, baba yenu akawa kitandani, akaniambia, "Mama, acha nimuuguze baba, nitakwenda mwakani." Mwakani ikaja na mimba, ikaja na ndoa, ikaja na udongo. Sauti yake naisikia mpaka leo.

Sasa nasema la kufanya. Naima ataondoka leo, si kesho; zile nguo, Monica ameshazirudisha begini asubuhi. Atalala kwako Tabata, Anwar, na alfajiri wewe mwenyewe utamfikisha Mbezi Luis, umpandishe basi, usubiri mpaka liondoke. Nikifa akiwa njiani, mnizike. Nikifa akiwa darasani, mnizike. Maiti wa Kiislamu hangoji basi la Mbeya. Atakayempigia simu kabla sijafukiwa, sina radhi naye. Nikishalala mchangani, mpigieni, alie huko huko, na mwambieni bibi amekataa asirudi. Tanga lianuliwe siku ya tatu kama kawaida, na arobaini yangu isomwe bila yeye. Najua watu watasema, "Mjukuu gani huyu, bibi kamlea, hata arobaini hakukaa?" Waacheni waseme. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mie kazi yangu nimeimaliza, asiniharibie mtu kwa kunililia.

Na kwa kuwa nakujua, mwanangu, kwamba mbele yangu utaitikia na nyuma yangu utabadili, nimeweka mlinzi. Huyu Monica. Mtani wangu. Siku hiyo jeneza likinyanyuliwa, atajilaza hapo mlangoni, na nyie mnajua mtani akilala mlangoni maiti hatoki. Atakuuliza mbele za watu, "Mwishehe, Naima yuko wapi?" Ukijibu, "Yuko njiani anakuja," haamki mpaka umpigie Naima ageuze arudi chuoni. Ukijibu, "Yuko chuoni," ataamka, atakung'uta vumbi, nami nitapita. Monica, acha kulia. Mtani hucheka kwanza. Si wewe uliyesema Wazaramo hata kaburini tutadai ngoma? Haya, basi.

Nipeni maji. Kidogo. Kifua hiki... Polepole, Anwar.

Naima, njoo. Piga magoti nikupulizie. Mungu akufungulie, mbele na nyuma. Akupe wenzio wasiokucheka. Ukutane na baridi, usikutane na ubaya. Ukichoka, lala, kisha uamke. Mama yako yuko radhi, mie niko radhi. Nenda salama, mke mwenzangu.

Mwishehe, neno lako la jana lifute. Wewe ndiye mjomba, sitaki atoke hapa bila ruhusa yako. Sema, watu wasikie.

Sema, baba.

Rudia... sikio hili halichukui.

Haya. Nimesikia. Mungu akupe mkono wa kulia.

Mbebee begi, Anwar, jua linashuka. Naima, simama. Hapana, mjukuu wangu, usinishike mkono. Ukinishika... sitakuachia. Nenda tu.