Sintetiki ya Pikapu ya Fahad

Wa kwanza kumwambia Warda kwamba oili ya gari si oili tu alikuwa shangazi yake Mwanahamisi, mwanamke ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Alisema pikapu yao itiwe sintetiki, tena ya dizeli, kwa namna ya mtu anayeagiza nazi sokoni, kisha akashindwa kueleza sintetiki ni kitu gani. Warda akampigia mumewe Fahad, aliyekuwa msibani Tandahimba. Fahad anajua kuendesha tu. Boneti huifunua kama mtu anayefunua jeneza. Akamwambia anunue kesho asubuhi, kwa kuwa keshokutwa pikapu inabeba makopa ya muhogo, na kama hajui aina, awaulize wazee wa kijiweni. Wale wanajua magari.

Kijiwe chenyewe kiko Magomeni ya Mtwara, ubavuni mwa nyumba ya Warda: benchi moja, ubao wa drafti, na birika la kahawa analouza yeye. Kete ni vifuniko vya soda, isipokuwa kingi ya mzee mmoja aitwaye Bandari, dude jeusi lenye masikio mawili na grisi iliyoganda, ambalo aliliokota mchangani na tangu hapo hakubali kucheza bila hilo. Kwa mwaka mzima Warda hakuwahi kusema pale neno lingine zaidi ya “kashata” na “ahsante”. Alasiri hiyo, mwanawe Latifa akiwa amelala mgongoni, alimimina vikombe vitatu, akatazama chini, akauliza pikapu itiwe oili gani. Aliuliza kwa sauti ndogo hata mtoto hakushtuka.

Lakini hakuwa na mzaha. Injini ile ilishakufa mara moja kwa oili ya kubahatisha, na kuifufua kuliondoka na mikorosho minne ya mama yake. Mama amebakiwa na mitatu.

Rajabu, aitwaye Injinia kwa sababu hutengeneza baiskeli, na ambaye ndiye aliyeimwaga oili ya pikapu mara ya mwisho, alisogeza kete yake taratibu.

— Shemeji, tia nzito. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Oili ndiyo damu ya gari. Ukiona inamiminika upesi, ujue umeuziwa maji.

— Wahenga walikuwa wanasema habari za ndugu — akasema Kassimu.

— Na gari si ndugu? Siku ulipobanwa na ngiri, ulipelekwa hospitali na mjomba wako au na pikapu ya Fahad?

Kassimu ndiye Bandari, kuli mstaafu. Yeye alieleza kwa kirefu kwamba sintetiki ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za barafu. Ikifika Mtwara, ikapigwa na jua la saa saba, inalewa, na gari zima linakuwa linaendeshwa na mlevi hata kama dereva ametoka kuswali. Yeye ameona meli zikitiwa oili nzito kama uji wa muhogo, na hajawahi kuona meli hata moja imeharibika, isipokuwa ile iliyokaa gatini miezi miwili, na hiyo walisema tatizo ni karatasi za forodha.

Mzee Lukasi alikuwa akisubiri zamu yake. Aliwahi kulinda geti la kambi ya wachimba gesi kwa miezi minne, na tangu hapo jina lake ni Gesi.

— Nyie hamjui. Sintetiki inapikwa kwa gesi. Gesi imetoka wapi? Hapa. Basi ukiitia kwenye injini ya hapa, inajitambua iko nyumbani, inatulia. Mkataa kwao mtumwa.

— Kwa hiyo tuitie bure? — akauliza Bandari.

— Kwa haki, ndiyo. Mimi geti ningelifungua.

Injinia hakukubali kushindwa na mlinzi. Akasema hata sintetiki ya nini, wakati watu wa Kusini wana mafuta ya ganda la korosho. Kijiko kimoja tu kwenye injini. Kama yanababua midomo ya binadamu, uchafu wa injini utakaa wapi? Haba na haba hujaza kibaba.

Warda aliiona mikorosho mitatu ya mama yake ikianguka, mmoja baada ya mwingine, kwa kijiko.

Hapo ndipo alipoketi mgeni, Amani, dereva wa lori la saruji, akaomba kahawa. Alisikiliza kikombe kizima, kisha akageuka kwa Warda.

— Dada, sintetiki ni namna ilivyotengenezwa tu. Iko ya petroli, iko ya dizeli, iko nyepesi, iko nzito. Aliyeunda injini ndiye anayeandika anayoitaka. Kwenye kifuniko cha kutilia oili cha injini yenu pameandikwa nini?

Gesi akachungulia ndani ya kikombe chake. Injinia akakohoa, akasema kifuniko kilipotea siku ile ya kumwaga oili, hivyo akaziba kwa mfuniko wa dumu, akauzungushia mpira wa baiskeli, na haujavuja hata tone.

— Cheza basi — Bandari akamwambia, na kingi yake yenye masikio mawili ikavuka ubao, ikala kete mbili.

Warda aliitazama ikipita. Akayahesabu masikio yake, akaosha vikombe.

Asubuhi, kabla mtu hajafika, aliitoa kingi ubaoni, akaisugua kwa majivu na sabuni mpaka maandishi yakatokea: dizeli, 5W-30, na chini yake C3. Akayanakili herufi kwa herufi, akayakagua mara mbili kama imla. Huko dukani Chikongola muuzaji alimsifia dumu lenye picha ya simba, akasema ndilo wanalochukua wote. Warda akaweka karatasi mbele yake.

— Nataka yenye maneno haya. Yote.

Muuzaji akasoma, akaenda stoo.

Aliporudi nyumbani alikifunga kifuniko mahali pake, kikakaza. Injinia alipokuja kuulizia kingi iko wapi, alimpa ule mfuniko wa dumu, mpira wa baiskeli ukiwa bado umezungushwa, kisha akashika birika.

— Kashata?