Joto la Babu Bomba

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Babu Bomba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha barafu, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1966, shule ikaishia hapo, hamu ya kujua ikabaki.

Tarehe 2 Januari 1969 aliajiriwa kiwandani kufagia chumba cha mashine, akajifunza ufundi kwa kutazama, na tarehe 14 Juni 1975 akafunga ndoa na bibi yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1978 alifanya mtihani wa cheti cha ufundi, ambacho bila hicho hakuruhusiwa kufungua mashine hata kama yeye ndiye aliyejua ilipouma, akaulizwa kwa nini bomba la kujazia upepo baiskeli hupata moto likisukumwa, akajibu ni msuguano, akafeli, na msimamizi wa mtihani akamtania mbele ya wenzake kwamba arudi kwenye ufagio, nao una msuguano wa kutosha.

Hakununa. Nyumbani alisukuma bomba tundu lake la hewa likiwa wazi, likabaki vuguvugu, akaliziba kwa kidole, akasukuma upesi, likamchoma, na bibi, bila kuinua macho kwenye cherehani, akamwambia kwamba msuguano ni uleule mara zote mbili, basi hizo ni nguvu za mkono wake zimeingia kwenye hewa zikakosa pa kutokea.

Ndivyo alivyoelewa kwamba gesi ikibanwa kabla joto halijapata nafasi ya kutoka, kazi yote hubaki ndani yake kama nishati, na ikitanuka kwa kusukuma kitu hutumia nishati yake yenyewe, ikapoa, akaendelea kusoma hadi entalpia, yaani nishati iliyo ndani ya gesi pamoja na ile ya kujisukumia nafasi.

Tarehe 5 Novemba 1979 alirudi mtihanini na bomba lake, akaliziba, akalisukuma upesi, akamkabidhi msimamizi yuleyule, naye akaliachia kama kaa la moto, ukumbi ukaangua kicheko, cheti kikapatikana, na kuanzia 1984 hadi 2011 alikuwa fundi mkuu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akafariki tarehe 18 Agosti 2023, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wenzake wa kiwandani mliozima mashine dakika moja kwa heshima yake.

Babu, kazi uliyotufanyia haikupata pa kutokea, imo ndani yetu na bado ina joto, basi weka bomba chini, upumzike kwa amani.