Zinia Moja Hay Ezzuhur

Hebu niambie wewe unayepita: umewahi kuona mtaa ukaitwa Mtaa wa Maua, jina limepigwa rangi kwenye kibao kwa Kiarabu na kwa Kifaransa, halafu ua lenyewe la kuchomeka nyuma ya sikio hakuna? Hay Ezzuhur, ndivyo manispaa ilivyoubatiza, kisha ikaondoka na kopo lake la rangi. Yaliyobaki ni vumbi la kusini, mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye nyaya za umeme, na benchi la saruji mbele ya mkahawa wa Jilani, wanapokaa wasomi wasio na kazi na wastaafu wasio na pensheni ya maana. Nyuma ya benchi hilo, kwenye kipande cha udongo kisichozidi mlango wa nyumba, ndipo Lazhar alipopanda zinia. Lazhar ana shahada ya jiografia. Anaijua mito yote ya Siberia, na hajatokea mwajiri wa kumuuliza hata kijito. Hajawahi kulima kitu maishani mwake. Trei ya miche aliinunua sokoni, akaipanda, akaanza kungoja. Manispaa nayo ikasema hapo patamwagwa zege pawe maegesho ya magari. Alipokwenda kulalamika, afisa hakunyanyua hata kichwa: “Udongo mtupu haulindwi, kijana.” Tangu hapo Lazhar alitaka jambo moja tu duniani: udongo ule usiwe mtupu. Na miche ikawa inakufa. Majani yalikuwa manjano, shina limelegea, mingine imelala kabisa. Gari la zege lilikuwa lije asubuhi ile.

Alfajiri hiyo Lazhar alikwenda kuiaga. Akachuchumaa, na asiinuke tena.

— We Doktor, umedondosha nini? Jilani alimwuliza kwa jina lake la utani, kutoka mlangoni, trei ya glasi mkononi.

— Njoo.

— Nina wateja.

— Wateja gani, ni Kapurali peke yake! Njoo, Jilani. Njoo uone.

Sauti haikuwa ile yake ya kutukana serikali. Jilani akaweka trei chini. Kapurali, yaani mzee Khmais, aliyestaafu jeshi na mpaka leo hukaa benchini kama yuko lindoni, akajivuta na kahawa yake. Sahbi naye akavuka barabara. Huyu wanamwita Taliani, kwa sababu Waitalia walimrudisha kutoka Palermo na begi moja, na mikono yake bado inaongea Kiitaliano.

Wote wanne wakainama nyuma ya benchi.

Kulikuwa na ua. Moja. Dogo kama kifungo cha koti, jekundu la kukufanya umeze mate. Vijani vyake vya rangi vilipangwa safu juu ya safu, kila safu imewekwa kwa adabu juu ya mwenzake, na katikati kulikuwa na duara la vinyota vya manjano, vidogo mno hata ukavihurumia. Nani huchonga kitu kama hicho mahali ambapo hakuna anayelipwa kuchonga? Lazhar alijua mito ya Siberia. Hili hakulijua.

— Samaki juu yako! Kapurali alisema upesi, akaligusa benchi.

— Samaki juu yake, wakaitikia wengine, maana kwao kitu kizuri hakitazamwi hivi hivi. Unakitajia samaki kwanza, ili jicho baya lipate pengine pa kwenda.

Wakazidi kuinama. Jilani ndiye aliyeharibu.

— Sasa wanangu, mtu asijisifu ovyo. Hiyo ni kazi yangu.

— Kazi yako vipi?

— Kila jioni nikifunga nawamwagia mashapo ya kahawa. Kahawa nzito kabisa. Huyu amekunywa, ameamka.

Lazhar akageuza shingo taratibu.

— Na sukari yake?

— Sasa kahawa bila sukari ni nini, dawa ya hospitali?

— Kumbe sisimizi ni wako! Ya Jilani, nimekaa hapa nawatoa sisimizi kwenye mizizi mmoja mmoja kama chawa!

— Yezzi, yezzi, basi! Ua si limetoka?

— Halikutoka kwa kahawa, Kapurali alisema, akajikohoza kijeshi. Limetoka kwa ulinzi.

— Ulinzi gani, Am Khmais?

— Ninyi mnasema samaki juu yako, samaki juu yako, maneno matupu kama wabunge. Mimi nilileta samaki. Mikia ya dagaa. Nimeizika mstari mzima, kila mche na mkia wake.

Lazhar alifumba macho. Paka. Wale paka wa mtaa mzima waliokuwa wakija kufukua bustani yake usiku kana kwamba wametumwa na manispaa.

— Am Khmais, kwa heshima zote za jeshi, umewaandalia paka harusi!

— Paka ni gharama za vita.

— Ninyi hamjui miche hii ni nini, Taliani alidakia, vidole vimebanwa pamoja hewani. Trei yenyewe nimeiona mimi. Imeandikwa Italia. Hawa ni wahamiaji! Ndani ya nchi ngeni, hakuna anayewasemesha. Mimi nawasemesha. Kila adhuhuri nakuja, “buongiorno, bella”, nawanyunyizia maji kichwani, kama wanavyofanya kwenye roshani za Palermo.

— Adhuhuri? Jua la kusini, maji juu ya majani?

— Wapate ubaridi.

— Umewachemsha, Sahbi! Umewachemsha kama mayai!

— Na huyu je? Huyu kanisikia. Tazama uso wake. Huo si uso wa Kiarabu.

Wakatazama tena. Kusema kweli haukuwa uso wa mahali popote.

— Mimi nitawaambia siri, Jilani alisema, sauti imeshuka. Mashine yangu ya kahawa. Mvuke wake unatoka kwa bomba la nyuma, unashuka hapa. Ua hili halilali. Usiku mzima liko macho. Ndiyo maana wekundu wake umezidi, ni kukosa usingizi.

— Upuuzi, Kapurali alisema. Hapa chini kuna farasi. Babu yangu alikuwepo. Jemadari wa Kifaransa alimzika farasi wake hapa hapa na tandiko lake la fedha. Mnaona nyekundu hiyo? Ni damu ya farasi mwenye cheo.

— Farasi! Taliani alidakia tena. Chini kuna bahari, mzee wangu. Bahari nzima ya maji matamu, inatokea Sicilia, inapita chini kwa chini bila viza. Mzizi wa huyu umefika. Umegusa. Sisi tunazama majini kwenda kule, maji yenyewe yanakuja huku kimya kimya.

Hapo hawakucheka, kwa kuwa kila mmoja ana mtu wake aliyezama.

Lazhar hakuwa anasikiliza vizuri. Alikuwa akipima kwa macho. Ua lilikuwa limejibana pembeni kabisa, kati ya mguu wa benchi na ukuta, mahali ambapo trei ya Jilani haifiki, mkono wa mzee mnene haupenyi, na Taliani hawezi kuinama bila kuchafua suruali. Kivuli cha benchi kililifunika wakati wa jua kali. Hata ndoo yake yeye mwenyewe haikupita pale. Maana na yeye alikuwa na dhambi yake: kila akikasirika, anamwagilia. Redio ikitaja nafasi za kazi, ndoo. Binamu akiajiriwa kwa mlango wa nyuma, ndoo. Na msomi wa Hay Ezzuhur hukasirika kutwa. Miche ile ilikuwa imesimama ndani ya hasira zake mpaka magotini.

— Hakuna aliyelisaidia, alisema.

— Nani?

— Hili. Hamkulifikia. Na mimi sikulifikia. Tulilisahau, likaishi.

— Sasa hilo ni tusi, alisema Jilani. Lakini akalisema kwa sauti ndogo, na akavua kofia.

Ndipo gari la zege likaingia mtaani, pipa linazunguka, vioo vya mkahawa vinatetemeka. Likasimama kinyumenyume, mgongo wake ukielekea benchi. Dereva akachungulia. Alikuwa ni Hattab, mtu wa mji huo huo.

— Asalama, jamaa. Sogezeni benchi, nimwage niondoke.

— Hapamwagwi kitu hapa, Lazhar alisema.

— Kaka, mimi si manispaa. Mimi ni usukani. Zege likiniganda ndani ya pipa, nitalichonga kwa nyundo mpaka Ramadhani.

— Kuna kitu kimeota.

— Wapi?

— Shuka uone.

— Kaka, nina safari nyingine.

— Shuka!

Hattab akashuka, analaani. Akaja nyuma ya benchi, akainama, mikono kiunoni. Akawa anataka kusema kitu, akaacha. Kwa sababu wakati huo huo, juu ya harufu ya dizeli na saruji mbichi, kilisikika kitu chembamba kama uzi wa cherehani.

Nyuki.

Alikuja kutoka upande wa barabara, chini chini, akayumba kidogo kwa upepo wa gari. Hakuuliza njia. Akapita miche iliyokufa yote, akapita mguu wa Kapurali, akatua kwenye duara la vinyota vya manjano kama mtu aliyefika kwake. Akaanza kazi. Miguu yake ya nyuma ilikuwa mitupu. Wakaiona, kwa macho yao, ikianza kupata vumbi la dhahabu.

Watu wazima watano wakabana pumzi. Pipa la zege lilizunguka peke yake.

— Huyu nyuki katoka wapi? Hattab aliuliza.

Akawatazama mmoja mmoja.

— Nawaulizeni kweli. Mimi naendesha gari nchi hii kila siku. Kutoka hapa mpaka milimani hakuna bustani. Hakuna shamba lenye ua. Kuna mawe na mgodi. Sasa huyu alikuwa anaishi wapi? Na amejuaje? Hili limechanua leo. Leo asubuhi! Nani kamwambia?

Jilani alifungua mdomo, mvuke wake ukamwishia humo humo. Kapurali alitazama chini kutafuta farasi. Taliani mikono yake ilitulia, kwa mara ya kwanza tangu Palermo. Lazhar alitafuta ndani ya shahada yake yote, ramani, pepo, mwinuko, misimu ya mvua, na hakukuta njia hata moja ya kumleta nyuki mmoja Hay Ezzuhur.

Simu ya Hattab ikalia. Mkuu wa barabara, manispaa. Hattab aliitazama, akamtazama nyuki, akabonyeza spika ili wote wasikie.

— Hattab! Umeshamwaga?

— Bado, bosi.

— Kwa nini bado? Kuna nini hapo?

Hattab akasogeza simu taratibu, asimshtue mgeni, akaiweka mbele ya Lazhar.

— Ongea wewe, kaka, alinong’ona. Mimi sina neno lake.

Lazhar alikuwa na maneno yote. Alikuwa ameyapika miaka mingi, matusi ya lugha tatu, yamepangwa tayari. Akavuta pumzi ayamwage. Nyuki akahamia upande wa pili wa ua. Lazhar akayameza.

— Bwana mkuu, alisema, polepole, ili kila neno liandikike. Kuna nyuki kazini hapa, na hakuna hata mmoja wetu anayejua katoka wapi. Zege lako tunalirudisha. Kalimwage kwenye lile shimo mbele ya wodi ya wazazi, gari la wagonjwa linavunjikia pale na wewe unalijua. Hapa tuletee bomba la maji, na mtu wa kutufundisha kumwagilia, kwa sababu sisi tumeua trei nzima kwa mapenzi. Wala usimtume mwingine. Njoo wewe mwenyewe, njoo sasa hivi, inama hapa nilipoinama, halafu utuambie sisi na huyu nyuki kwamba udongo huu ni mtupu.