Chupa ya Kumpelekea Mzee Githinji

Benchi la nje ya kibanda cha Wasike, fundi wa baiskeli karibu na soko la Eldoret, lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na bado liliamua mambo mengi kuliko baraza la mji. Wasike waliyemwita Spoku alikaa upande wa tofali. Upande wa pili alikaa Kipyego, mwalimu wa darasa la saba, ambaye hata mkewe alimwita Chaki. Jumamosi hiyo ya mwaka wa themanini na nne, katikati yao alikuwa Gerishon, muuza viazi, na chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Kesho yake angeenda Kiplombe na wazee wa kwao kumposa Waithira, binti wa Mzee Githinji. Mzee alikuwa ametuma neno kwamba muratina, pombe ya kienyeji ya Wakikuyu, ilimchosha tumbo, aletewe wiski. Hakusema wiski gani. Gerishon alimpenda Waithira hadi usingizi ukampaa, na aliamini kabisa kwamba chupa mbaya ingemkosesha mke.

— Pale dukani ziko tatu, alisema Gerishon. Ya chini iko na picha ya mbuzi. Ya katikati inanuka moshi. Ya juu imelala kwa pipa miaka kumi na mbili, na bei yake ni ndama mzima.

— Ya mbuzi achana nayo, alisema Spoku. Niliionja kwa matanga fulani huko Turbo. Inashuka kama mafuta ya breki.

— Baiskeli haina mafuta ya breki, alisema Chaki.

— Nilikunywa ya lori.

Chaki aliona jibu hilo linatosha.

— Chukua ya moshi, akasema. Sisi Wakalenjin hapa maziwa yetu tunatia mkaa kwa kibuyu. Mzee mwenye heshima anajulikana na moshi.

— Lakini Githinji si Mkalenjin, alisema Gerishon.

— Amelima Kiplombe miaka ishirini. Ameshaanza.

— Hapana, alisema Spoku. Apeleke ile ya miaka kumi na mbili. Mzee ataona Gerishon ni mtu wa subira.

— Ataona ni mtu wa kuchelewa. Si ako na miaka thelathini na nane?

Gerishon alitazama viatu vyake. Chaki akaangalia barabara pande zote mbili, kisha akashusha sauti.

— Kuna kitu mmesahau. Githinji ni mwenyekiti wa chama tawala huko kwao. DO, yule afisa wa serikali wa tarafa, hupitia kwake. Sasa huyu akipeleka chupa inashinda ya DO, itaulizwa, muuza viazi anapewa pesa na nani?

— Na akipeleka ya chini? aliuliza Spoku.

— Itaulizwa anadharau nani.

— Basi apeleke kama ya DO.

— Hiyo ni kushindana na serikali.

— Kwani DO hunywa gani?

Hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kusikika akiuliza mara ya pili. Mwanamume mwenye koti refu kama la mpelelezi akapita. Wote watatu wakaanza kusifu hali ya mahindi, wakangoja apotelee sokoni na kabichi yake.

— Nunua ya katikati, alisema Spoku hatimaye, halafu ubandue karatasi. Chupa haina jina, haina makosa.

Gerishon aliona hiyo ni hekima. Alikuwa amesimama aende dukani wakati Mama Nduta, muuza maziwa wa Kiplombe, alipofika akisukuma baiskeli yenye pancha. Alikuwa amesikia ya kutosha.

— Gerishon, hiyo pombe, nani huionja kwanza?

— Msichana, Mama.

Hilo kila Mkikuyu alilijua. Baba humuuliza binti yake mbele ya wageni kama pombe yao inywewe. Binti akionja na kumpa baba, amekubali. Akiiacha, wageni hurudi kwao.

— Na Waithira amekuambia ataonja?

Gerishon alihesabu moyoni. Alikuwa ameongea na Mzee Githinji. Alikuwa ameongea na kaka mtu, na mchungaji, na shangazi aliyeko Soy.

— Huwa ananiambia asante, alisema.

— Asante ya nini?

— Ya viazi. Huwa namwongezea.

Spoku aliinama ghafla kutafuta pancha kwenye gurudumu zima. Chaki akanywa chai ambayo haikuwa yake. Gerishon alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni.

— Saa hii yuko nyumbani, Mama?

— Yuko. Anafua.

Akashika njia ya Kiplombe kwa miguu, mikono mitupu, midomo ikirudiarudia maneno ya kumwambia binti mwenyewe. Kumwambia baba mtu kulikuwa rahisi. Kila alipofika kwenye jina la Waithira, alilazimika kuanza upya.