Chanzo cha Utafiti wa Mchwa

Treni ilipoondoka nilifungua gazeti, ila sikusoma hata mstari mmoja. Mbele yangu karani wa benki, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, alikuwa akimsimulia muuguzi aliyekaa naye jinsi bintiye wa darasa la tano alivyomuumbua.

"Utafiti wa mchwa, dada yangu. Kausoma mbele ya darasa zima, na wazazi tumealikwa. Kufika mwisho akasema, 'Chanzo: mama. Ameunakili kwenye simu, mimi nikiangalia katuni.'"

Muuguzi alijishika mdomo. "Kasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Eti mwalimu kawafundisha kutaja walikotoa maneno. Nilitamani ardhi ipasuke."

"Pole. Lakini shoga, kweli ulimwandikia?"

"Nilimsaidia."

"Ukurasa upi?"

"Zote."

Nikafunua gazeti upande wa michezo, ambao huwa siugusi kabisa.

"Basi mtoto hana kosa," alisema muuguzi. "Kafuata alichofundishwa."

"Kuniuza mimi niliyemzaa? Angenyamaza tu, tungepata alama zetu."

"Zetu," muuguzi alirudia taratibu, kama anayesoma joto la mgonjwa.

Treni ilianza kupunguza mwendo. Karani akashusha sauti. "Jana nikamwambia afute hilo neno mama kabla hajaukabidhi kwa mwalimu."

"Akafuta?"

"Kafuta. Halafu kakaa na kalamu yake, ananiuliza, sasa hapa aandike uongo gani."

"Ukamwambia nini?"

Treni ikasimama. Karani, aliyekuwa amesema anashuka kituo cha mwisho, alishuka hapo hapo.